Kicheza Muziki Chaweza Kuwa Daraja la Nyumba

Kukipa chombo cha muziki kazi ya pili si jambo geni kwa watu wa pwani ya Kismayu. Kaseti ndogo, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, iliingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kwa ajili ya nyimbo. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 kaseti hiyo hiyo ikageuka barua. Kijana aliyekwenda kutafuta riziki katika nchi za Ghuba aliketi mbele ya kinasa sauti, akawasalimu wazee wake mmoja mmoja, akaeleza hali yake na kuulizia ya nyumbani, kisha akamkabidhi msafiri kanda ile. Mama asiyejua kusoma hakuhitaji tena kumwita mtoto wa jirani amsomee. Alibonyeza kitufe, akamsikia mwanawe.

Washairi wa Somalia nao walikitumia chombo hicho. Mwaka 1979 ulipoanza mfululizo wa mashairi ya kujibizana uitwao Deelley, mashairi hayo yalisambaa kwa kaseti, yakapita mkononi kwa mkononi bila ya kungoja idhini ya redio. Hivyo redio kaseti, chombo kilichonunuliwa kwa starehe, ikawa njia ya kupitishia habari.

Siku hizi kaseti zimebaki makabatini, lakini kazi ile ya pili imerudi kwa sura nyingine. Wako watu wenye kicheza muziki cha mtandao, yaani sanduku dogo linalopokea nyimbo kutoka katika kompyuta au katika intaneti, nao hawajui kwamba baadhi ya masanduku hayo yaweza kufanywa daraja lisilo na waya. Maana yake ni kwamba sanduku hupokea mtandao kwa mawimbi, kisha huupitisha kwa waya hadi katika kompyuta isiyoweza kuyapokea mawimbi hayo. Makala haya yataeleza daraja hilo ni nini, linajengwaje, na lina mipaka gani, ili mwenye chombo cha namna hiyo asikitupe wala asitumie fedha pasipo haja.

JAMAA WALIOTAWANYIKA

Kwanza tuitazame pwani yenyewe, maana faida ya daraja hujulikana kwa urefu wa mto. Visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na bara kuanzia karibu na Kismayu kuelekea kusini, hadi jirani na Ras Kamboni na mpaka wa Kenya. Vikubwa vinavyokaliwa na watu ni Koyama, Chovai na Chula. Wenyeji wake ni wavuvi na mabaharia, na lugha yao, Kibajuni, ni moja ya lahaja za kaskazini za Kiswahili. Majina ya mahali bado yanashuhudia lugha hiyo: neno "iyu" ni juu na "tini" ni chini, kama katika jina la visiwa vya Fuma Iyu na Tini. Wengi husema hata jina la Kismayu lenyewe latokana na "kisima iyu", yaani kisima cha juu.

Ng'ambo ya mpaka wako Wabajuni wengine, katika Kiunga, Ndau, Faza na sehemu nyingine za Lamu. Tena serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikaenea, Wabajuni wengi waliyakimbia makazi yao. Baadhi yao waliishi katika makambi ya wakimbizi Mombasa, na wengine wakafika hadi Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Kwa sababu hiyo si ajabu kuona bibi yuko Kismayu, mwanawe Mombasa, na wajukuu Ulaya. Kwa ukoo wa namna hiyo mtandao wa nyumbani si pambo. Ndimo zinamopita salamu za asubuhi, habari za maradhi, fedha za matumizi, na sauti ya mtoto mchanga ambaye bibi yake hajapata kumpakata.

Kadhalika tukumbuke kwamba Kismayu ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab tangu Agosti 2008 hadi mwishoni mwa Septemba 2012, nao walipiga marufuku muziki. Katika mji uliopita katika hali hiyo, sanduku la nyimbo linalolia sebuleni bila ya mwenyewe kuwa na hofu ni jambo la kuthaminiwa. Basi likiweza pia kuwapelekea jamaa salamu, thamani yake imeongezeka.

TUCHUKUE MFANO WA NYUMBA MOJA

Natuchukue mfano. Nyumba ina kuta nene za mawe ya matumbawe, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za pwani yetu. Ruta ya mtandao iko chumba cha mbele, karibu na mlango, kwa sababu ndipo fundi alipoufikisha waya wake. Katika chumba cha ndani, anamolala bibi, iko kompyuta ya mezani ya zamani. Kompyuta hiyo haina kifaa cha waifai. Ina tundu la waya tu. Kati ya vyumba hivyo viwili liko pipa la maji na kabati la chuma.

Mjukuu amejaribu kumleta bibi chumba cha mbele azungumze na jamaa, lakini miguu yake inamsumbua, tena pale mlangoni pana kelele za wapita njia. Kupitisha waya kunataka kutoboa kuta mbili. Mawimbi ya waifai nayo yana udhaifu wake: jiwe zito huyapunguza, maji huyanyonya, na bati au chuma huyarudisha. Ndiyo maana simu inayopata mtandao vizuri mlangoni huweza kuukosa kabisa hatua kumi ndani.

Sasa, katika chumba hicho cha ndani, juu ya rafu, kipo kicheza muziki kilicholetwa na jamaa aliyerudi kutoka Ulaya. Kinapokea nyimbo kwa mawimbi kutoka katika ruta ya mbele, nacho hakikatiki. Nyuma yake lipo tundu la waya wa mtandao lililo tupu. Mjukuu akilijua tundu hilo, tatizo la bibi limekwisha nusu.

DARAJA HILI NI KITU GANI?

Kicheza muziki cha namna hii kina milango miwili. Mlango wa kwanza ni antena yake, inayozungumza na ruta kwa mawimbi. Mlango wa pili ni tundu la waya. Kwa kawaida chombo hutumia mlango mmoja tu na kuufunga wa pili: ukikitia waya, huacha mawimbi, usipokitia, hutumia mawimbi. Kukifanya daraja ni kukiamuru kifungue milango yote miwili kwa pamoja, na kila kinachoingia huku kipitishwe kule.

Kompyuta iliyofungwa kwa waya haijui kwamba mbele yake pana mawimbi. Inaomba namba yake ya mtandao, ombi linapita katika kicheza muziki, linafika kwenye ruta, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Kwa kompyuta, ni kama imechomekwa katika ruta yenyewe. Wakati huo huo muziki huweza kuendelea kulia.

Hapa hapana budi kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Daraja si kirudia mawimbi. Kirudia mawimbi hupokea waifai na kuitangaza upya hewani, ili simu za chumba cha ndani zipate nguvu. Daraja tunalolieleza hapa hutoa mtandao kwa waya peke yake. Ukiwa na simu mkononi karibu na kicheza muziki hicho hutapata faida yoyote. Asiyejua tofauti hii atahangaika siku nzima, kisha atasema chombo kibovu.

VYOMBO VIPI VYAWEZA?

Si kila kicheza muziki chenye tundu nyuma huweza kazi hii. Vilivyojulikana zaidi ni vile vya kampuni ya Slim Devices ya California vilivyoitwa Squeezebox. Squeezebox ya pili, iliyotoka mwaka 2005, na ile ya tatu iliyoifuata, zilipewa uwezo wa daraja tangu kiwandani. Kampuni ya Logitech iliinunua Slim Devices mwaka 2006, na mwaka 2012 ikaacha kutengeneza vyombo hivyo. Vilivyopo sasa, kwa hiyo, ni vya mitumba.

Kampuni nyingine ni Sonos, ambayo vyombo vyake vya kwanza vilianza kuuzwa mwaka 2005. Hivyo viliwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe kwa mawimbi, na matundu ya waya yaliyo nyuma yake yaliweza kuipa mtandao kompyuta iliyo karibu. Lakini baadhi ya vyombo vipya vya kampuni hiyo, hasa vile vidogo vya kubebeka, havina tundu hilo kabisa.

Tahadhari ya mkoba ni hii: makala haya hayamshauri mtu anunue kicheza muziki ili apate daraja. Kama kompyuta yako ni nzima na inapokea programu mpya, kifaa kidogo cha waifai cha kuchomeka katika tundu la USB kitakutosha, na bei yake ni ndogo. Daraja la kicheza muziki lafaa kwa mtu ambaye tayari anacho chombo hicho, na ana kompyuta kuukuu au printa isiyokubali kifaa kingine. Mwenye mashua haazimi ngalawa.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, soma kibandiko kilicho chini au nyuma ya chombo, ulijue jina lake na toleo lake. Pili, hakikisha kinacheza muziki vizuri kwa mawimbi pale unapotaka kukiweka. Kama muziki unakatika, mtandao wa kompyuta nao utakatika. Daraja haliwezi kuwa imara kuliko nguzo zake.

Tatu, ingia katika sehemu ya matengenezo kwa kutumia rimoti. Katika Squeezebox, utachagua mtandao wa nyumba yako na kuandika neno la siri, kisha utaangalia swali linalohusu kuunganisha mawimbi na waya. Jibu ndiyo. Nne, chukua waya wa mtandao, chomeka upande mmoja katika kicheza muziki na upande wa pili katika kompyuta. Tano, izime kompyuta na kuiwasha upya ili iombe namba yake.

Taa ndogo iliyo karibu na tundu la kompyuta ikiwaka, waya ni mzima. Isipowaka, jaribu waya mwingine kabla ya kumlaumu mtu. Taa ikiwaka na mtandao usipatikane, rudi katika swali lile la daraja, maana mara nyingi kosa liko hapo.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

La kwanza ni mzunguko. Usiuchukue waya unaotoka katika kicheza muziki kilichofanywa daraja na kuuchomeka katika ruta ile ile kinayozungumza nayo kwa mawimbi. Habari zitazunguka bila kikomo, kama punda wa kinu, na nyumba nzima itakosa mtandao.

La pili ni mwendo. Vyombo vya mwaka 2005 hutumia waifai ya kiwango cha zamani, ambacho kwa maandishi kinafika megabiti 54 kwa sekunde, lakini kwa kazi ya kweli ni nusu ya hiyo au chini yake. Kinatosha kwa mazungumzo ya sauti na picha, kwa barua na kwa masomo ya mtoto. Hata hivyo muziki na kompyuta hugawana njia moja. Mtoto akipakua filamu, wimbo huweza kukatika.

La tatu ni ruta mpya. Vyombo hivi husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, havisikii ya gigahezi 5. Kadhalika havijui ulinzi mpya wa WPA3. Ukibadilisha ruta na kicheza muziki kikanyamaza, usikitupe. Angalia kwanza kama ruta imewashiwa mawimbi ya 2.4 na ulinzi wa WPA2. Lakini usiuondoe ulinzi kabisa kwa ajili ya chombo cha zamani, maana huko ni kuuacha mlango wazi usiku.

La nne linahusu mlango huo huo. Mtu anayechomeka waya katika daraja huingia katika mtandao wako bila ya kuulizwa neno la siri. Kwa hiyo daraja likae ndani, pasiwe mahali pa kuegemea kila mgeni.

La tano ni la wote wa nyumbani. Umeme wa kicheza muziki ukichomolewa, daraja limevunjika. Mwenye kutaka kupiga pasi huona chombo kimya na kudhani hakina kazi, akachomoa waya wake. Na chumba cha pili bibi akakatwa katikati ya salamu. Bandika kipande cha karatasi juu ya plagi: "Usichomoe". Pia upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula shaba. Pangusa matundu kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, wala usikifunike chombo kinapofanya kazi kwa sababu kinatoa joto.

KWA ALIYE KISIWANI

Mtu wa kisiwani atauliza: mimi nisiye na umeme wa gridi, yananihusu nini? Yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, umeme unaoingia katika Squeezebox ya pili na ya tatu ni wa volti 5 kutoka katika adapta yake, kwa hiyo ulaji wake ni mdogo sana ukilinganishwa na televisheni au friji. Mwenye paneli ya sola na betri yenye nafasi anaweza kupiga hesabu zake. Lakini vyombo vingine hutumia volti nyingine, na kosa moja la adapta huunguza chombo. Kwa hiyo lisomwe kwanza lile andiko la kibandiko.

Pili, njia za kuupata mtandao zinaongezeka. Aprili 2025 Serikali ya Somalia iliipa leseni kampuni ya Starlink, inayoleta intaneti kwa setilaiti bila ya kungoja mnara au waya wa ardhini. Mahali popote ambapo mtandao umefika katika nyumba moja, swali la pili huwa ni lile lile la mjukuu wetu wa Kismayu: utatokaje mlangoni na kufika chumba cha ndani?

NYIMBO ZIKAE NYUMBANI

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni kubwa kuliko waya na matundu. Mwezi wa Juni 2017 meli ya mizigo iliukata waya wa mawasiliano uliolala chini ya bahari karibu na Mogadishu. Mji huo na sehemu kubwa za kusini ya Somalia zilikaa zaidi ya wiki tatu bila ya intaneti ya kuaminika, na serikali ilikadiria hasara ya dola milioni 10 kwa kila siku. Tena mwaka 2024 Logitech ilifunga huduma yake ya intaneti iliyokuwa ikivihudumia vyombo vya Squeezebox duniani kote.

Katika hali zote mbili hizo, aliyetegemea nyimbo zilizohifadhiwa nchi za mbali angebaki na ukimya. Lakini aliyeziweka nyimbo zake katika kompyuta ya nyumbani angeendelea kuzisikiliza, kwa sababu ruta, kompyuta na kicheza muziki huzungumza vyenyewe ndani ya nyumba hata intaneti ikikatika. Programu ya kuhifadhi na kutoa nyimbo hizo, ambayo sasa inaitwa Lyrion Music Server, hutolewa bure na inaendelezwa na watu wa kujitolea.

Kwa Wabajuni jambo hili lina uzito wa pekee. Kibajuni kinasemwa na watu wachache, na wachache hao wametawanywa na vita. Vave, zile nyimbo za wakulima wa Kibajuni wakati wa kuchoma msitu ili kuandaa shamba, pamoja na hadithi za bahari na maneno ya jahazi, zimo vifuani mwa wazee zaidi kuliko vitabuni. Simu ya mjukuu yaweza kurekodi sauti ya bibi leo jioni. Kompyuta ile kuukuu ya chumba cha ndani yaweza kuihifadhi. Daraja litaipeleka Mombasa na Ulaya, na kicheza muziki kitaitoa sebuleni siku ambayo bibi hayupo tena.

Wazee waliotumiana salamu kwa kaseti hawakungoja watengenezewe chombo kingine. Walikitazama kilichokuwepo wakakiuliza: wewe waweza kufanya nini zaidi? Nasi basi, ndugu msomaji, kabla ya kwenda dukani, natukigeuze chombo chetu tukitazame nyuma. Pengine lile tundu tupu, ambalo tumelipangusa vumbi miaka yote bila ya kuuliza kazi yake, ndilo njia ya kumfikia bibi wa chumba cha ndani.